Siku za Kilio Nazo Zinahesabiwa

Siku ya ine ya juma, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka saa moja, kisha ikakatika gafula kama muntu aliyekumbuka kazi ingine. Ziwa limekuwa la kijivu, upepo unatoka ngambo, na bati ya jikoni bado inadondosha mu ndoo.

Nilipata pansio, nikastaafu, mwezi uliopita. Esperanse, wewe uliyekaa pa meza yangu, uliniomba nikuandikie kazi ya ile biro ya advoka, wakili wa mji, inafanyika namna gani, sababu hakuna kitabu kinachoieleza. Mimi si muntu wa kuandika. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa sekondari, kule Kongolo kwa masista, minerval, ile pesa ya masomo, ilipokosekana. Kalamu naijua kwa kuandika majina ya wengine na tarehe. Basi nikikosea, unisamehe; na nikisema vibaya juu ya muntu, ukamuulize na yeye, maana mimi ni upande mmoja tu.

Mambo ya grade na mushahara sitayaandika. Hayafundishi kitu, na yanaharibu urafiki.

Naandika mbiombio, sababu saa ine Maître, advoka mwenyewe, anakwenda kusema na wamama wa soko ya ndakala, wale samaki wadogo, pale karibu na muto Lukuga. Atawaambia kwamba kiwanja kimepotea na lazima wahame. Wao hawajui kimepoteaje. Mimi najua, maana ni mimi niliyekipoteza, kwa karatasi moja niliyoitembeza mu sakoshi, mufuko wangu wa mukono, siku makumi tatu na ine. Nitaenda pale. Sijui kama nitasema. Acha kwanza nianze pa mwanzo.

Siku yangu ya kwanza nilizani nitakuwa napokea barua tu. Biro ilikuwa nyuma kabisa, karibu na choo, yenye dirisha moja na kabati mbili ambazo panya walizijua kuliko sisi. Maître Kisimba alikuwa bado kijana, mwembamba, miwani imefungwa na uzi upande mmoja. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Aliweka vitu vine mbele yangu: daftari kubwa ya kuingizia karatasi, sindano ya kushonea magunia, uzi mweupe, na kashe ya tarehe, yaani muhuri, ile yenye magurudumu madogo ya siku, mwezi na mwaka.

"Mama Anastazia," akasema, "hii kashe ni silaha. Usiipige kabla ya kuangalia gurudumu. Piga pa kopi yetu, piga pa kopi yao, andika saa. Na karatasi ya tribinali isipite mu mukono wa muntu wa tatu. Itoke kwako, ifike kwangu."

Nikasema ndiyo. Hayo mawili niliyashika miaka yote: kuangalia gurudumu, na kutopitisha kwa muntu wa tatu. Utaona yalinifikisha wapi.

Niliuliza kwa woga: "Maître, sasa wewe mwenyewe kazi yako ni gani? Meya si yuko? Polisi si wako?"

Alicheka kidogo. Akaniambia kama mji mbele ya sheria ni kama muntu. Unaweza kununua kiwanja, unaweza kushtaki, unaweza kushtakiwa, na unaweza kukosa. Ila hauna mudomo. Yeye njo mudomo wake. Kila amri ya Meya inapita kwake kabla ya kutiwa sahihi, aangalie kama sheria inairuhusu. Kila mukataba anausoma mpaka pa herufi ndogo za chini. Mji ukiitwa tribinali, mbele ya jaji, yeye njo anasimama. Na mji ukihukumiwa, yeye njo anaangalia kama unatii.

"Na Meya akikataa kutii?"

"Nitamuandikia. Akikataa tena, nitamuandikia tena. Mukubwa hapendi karatasi inayobaki."

Nilizani ni maneno ya kijana. Ile juma ile ile, direkta wa kabine, mukubwa wa ofisi ya Meya, alinipa amri ya kuondoa vibanda vyote vya barabarani kesho yake. Nilimupelekea Maître. Aliisoma akiwa amekaa (karatasi hakuwa anaisoma akisimama, hata kama nyumba inawaka), akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Watu wamejulishwa siku ngapi mbele? Hakuna. Irudi." Akanipa niirudishe.

Niirudishe! Ku kabine! Mimi wa siku tano! Nilipanda ngazi, nikaiweka mbele yake. Direkta alisoma, akaniangalia kama ni mimi niliyeandika, akasema: "Kwenda." Kisha, nakuambia ukweli, wakawapa watu wa vibanda juma mbili. Nilishituka mpaka nikakosa usingizi. Kwetu nyumbani, muntu alikuwa hamurudishii mukubwa hata sahani.

Niandike na kesi moja ngumu, ili uelewe Maître ni muntu gani. Mujane mmoja, ukuta wake ulibomolewa na tingatinga la watu wa mji waliokuwa wanachimba mufereji wa maji ya mvua. Akashtaki mji. Sisi wote biro tulizani Maître atasema mujane alijenga vibaya. Tulikwenda tribinali, mimi nimebeba dosie, faili ya kesi, imeshonwa vizuri upande wa kushoto. Maître alisimama akasema: "Bwana jaji, ukuta ulikuwa ndani ya kiwanja chake. Mji umekosa. Tunaomba tu kupewa wakati wa kuujenga tena."

Mujane mwenyewe alistuka kuliko sisi. Hapo inje alimushika mukono: "Maître, kumbe uko upande wangu?"

"Hapana, Mama. Niko upande wa mji. Mji ukikosa, dawa yake ni kutengeneza."

"Sasa ungekuwa upande wangu ungesema nini?"

"Yale yale, lakini kwa sauti kubwa."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Niseme haki: wengine ku biro hawakucheka. Walisema ni mutu wa kiburi, anapenda kuonekana musafi. Labda ni kweli kidogo. Hata mimi siku zingine nilichoka naye. Barua ikiwa na koma moja mbaya, ilikuwa inarudi.

Hivyo miaka ikapita. Mashini ya kuandika ikaondoka, komputa ikaja, umeme ukawa unaikatia njiani, tukarudi ku kalamu. Lakini kashe ile ile ilibaki. Esperanse, ukiipata imekauka, usitie mafuta ya kupikia; magurudumu yanateleza, na tarehe inakuwa ya uongo bila muntu kukosa.

Sasa soko.

Kile kiwanja cha ndakala, wamama wanaanika pale samaki wao wadogo tangu zamani, wanawauza hapo hapo. Tangu ziwa lilipopanda na kula barabara ya chini, hakuna tena pahali pengine pa mujini penye jua na muchanga karibu na maji. Wifi yangu Godeliva, mudogo wa marehemu bwana yangu, anayekaa kwangu, iko na meza pale. Mufanyabiashara mmoja alikuja na karatasi: amenunua kiwanja kwa wajukuu wa mwenye kiwanja wa zamani. Simutaji jina. Karatasi yake ilikuwa ya kweli, na hakuiba kitu. Wajukuu ndio walimuuzia. Sisi tulisema muzee wao alikuwa amekitoa kwa mji. Jaji akauliza: andiko liko wapi? Tukakosa. Tukashindwa.

Lakini kabla karatasi ya hukumu haijatufikia, mimi mwenyewe, nikitoa mavi ya panya chini ya kabati, nilipata bahasha. Ndani, barua ya ule muzee, na alama ya kidole chake, na majina ya mashahidi wawili: anatoa kiwanja kwa mji kiwe soko milele. Nilipiga kelele. Maître alitoka mbio bila miwani. Aliisoma, akaifunga mu plastiki, akasema: "Sasa wacha hukumu ije. Tutakata rufaa. Kwa barua hii tutashinda." Ni mara moja tu nilimuona akipiga meza kwa furaha.

Kukata rufaa ni kuomba tribinali ya juu iangalie kesi tena. Sheria inatoa siku makumi tatu tangu hukumu inapopokelewa. Hiyo nilijua. Nilijua kama ninavyojua Baba Yetu.

Hukumu ilikuja siku ya tatu ya juma, asubuhi. Aliyeileta ni Papa Lumbwe, huisie, yaani muntu wa tribinali anayepeleka karatasi.

"Mama Ana, piga hapa, na hapa. Usinikasirikie, mimi ni miguu tu."

Niliangalia gurudumu, nikapiga kopi mbili, nikaandika saa. Maître alikuwa hajafika. Nusu saa baadaye telefone ikalia: mama yake Maître amefariki.

Nikatia hukumu mu sakoshi, itoke kwangu ifike kwake, nikaenda ku kilio. Nilimukuta pa mukeka, bila viatu, analia kama mutoto. Ule mwanaume anayemurudishia Meya karatasi! Nilikaa karibu, sakoshi pa magoti. Kwetu, muntu aliye pa mukeka haumutii kitu mu mukono isipokuwa maji, chakula, na mukono wako mwenyewe. Karatasi ya kushindwa? Ni kumuongezea maiti wa pili. Nikasema, kesho.

Kesho nilikuwa jikoni na wamama, tunasonga bukari, ugali wa watu wote. Sakoshi imening'inia pa musumari. Nikasema, wakimaliza kuzika. Walipomaliza kuzika, nikasema, wakiondoa matanga. Siku ya kuondoa matanga alikuwa amenyolewa, macho mekundu, akanishika mukono akasema, "Mama Anastazia, asante, hukuniacha." Nani angefungua sakoshi hapo?

Kisha akachukua nguo za marehemu kuzipeleka Moba, kwa wajomba wake, kama desturi inavyotaka. Muntu akiwa hajarudi kutoka kwa wajomba, akaoga, haumusemeshi kazi. Akaenda na boti. Upepo ukafunga njia, wajomba nao walikuwa na maneno yao, akakaa.

Utaniuliza: Mama, na zile siku makumi tatu? Esperanse, hapa njo aibu yangu. Nilizani siku za kilio hazihesabiwi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona tu kwa macho: prezida wa tribinali mwenyewe alikuja kukaa pa mukeka na sisi. Papa Lumbwe alikuwa anabeba viti. Meya alituma gunia ya unga, direkta akaandika kama Maître yuko mu ruhusa ya kilio. Nikawaza: kama tribinali yote imekaa hapa chini inalia, nani amebaki kule anahesabu? Nilizani sheria nayo ilivua viatu.

Alirudi siku ya kwanza ya juma. Nilimungojea na chai. Nikamupa pole, nikamupa karatasi kwa mikono miwili, na nilikuwa hata na furaha, nikasema: "Maître, ile hukumu ilifika. Sasa tukate rufaa."

Alikaa. Akaisoma. Akaangalia kashe.

"Mama, hii uliipokea lini?"

"Si ni ile siku? Ile ya kifo cha mama."

Alisimama, akaenda pa kalenda ya parokia iliyokuwa pa ukuta, akaanza kuhesabu na kifuniko cha kalamu. Akafika mwisho. Akaanza tena. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chake. Alipohesabu mara ya pili na kifuniko kikasimama pale pale, nilikiweka kikombe pa meza.

"Ine," akasema. "Imepita siku ine."

"Lakini ulikuwa mu kilio."

"Ndiyo, Mama."

"Na zile nazo zinahesabiwa?"

"Zinahesabiwa."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejua pa kujiweka.

Kabla ya saa sita direkta alikuwa amejua, sababu mimi nilikwenda kulia kwa choo, na choo iko karibu na kila muntu. Akaja, na Papa Lumbwe nyuma yake. Akafunga mulango.

"Sikia," direkta akasema, sauti ya chini. "Si jambo. Kashe iko hapa. Mama Ana anazungusha gurudumu, anapiga tarehe ya juma iliyofuata. Lumbwe iko na kopi yake bado."

"Kopi zote mbili naweza kuandika zingine," Papa Lumbwe akasema. "Bibi yangu mwenyewe anauzisha pale. Mimi ni miguu, lakini miguu nayo inakula."

Siwasemi vibaya. Direkta yule, shangazi yake iko na meza pale. Hakuna hata mumoja aliyetaka kitu cha mufuko wake. Na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa nimekwisha kuchukua kashe. Ilikuwa mu mukono. Kidole changu kilikuwa pa gurudumu.

Maître alisimama. Hakuja kwangu. Alikwenda pa mulango, akaufungua wazi kabisa, watu wa koridoo wakawa wanatuona. Akarudi kukaa.

"Direkta," akasema, "rudia."

Direkta akageukia mulango. Papa Lumbwe akaangalia viatu vyake. Wakatoka.

Nilibaki. Nikasema: "Maître, ni wamama wale wote. Na barua ya muzee iko. Haki ni ya kwetu."

"Huyu mufanyabiashara anakaa wapi, Mama?"

"Si ni hapa hapa."

"Hapa wapi?"

"Mujini."

"Basi naye ni mji. Nimuibie yeye siku ili niwape wengine? Kesho wakija na kashe yao juu ya nyumba yako, nitasema nini?" Kisha akasema, akiangalia dirisha: "Mama yangu aliuzisha pale. Minerval yangu yote ilitoka mu ndakala."

Nilikaa chini. Kazi pamoja miaka yote, hakuwahi kusema. Nilimuangalia nikawa namuogopa. Najiuliza mpaka leo kama ni heshima niliyoisikia ama ni hofu ya muntu asiye na damu. Sina masomo ya kujibu.

Alikata rufaa hivyo hivyo, yenye kuchelewa, na kueleza kila kitu: tarehe ya kweli, kilio, safari ya Moba. Aliandika, "Kosa ni la biro yangu." Jina langu hakulitia. Jibu lilikuja la musitari mumoja: imechelewa, haipokelewi. Nilipiga kashe. Niliangalia gurudumu kwanza.

Kisha nikaenda pansio. Saa ine inakaribia. Naacha hapa, navaa viatu.

Naendelea. Ni saa kumi, jua limetoka, matope bado.

Wamama walikuwa wamekusanyika kati ya meza, ndakala imefunikwa na mashandarua sababu ya mvua. Maître alikuja kwa miguu, peke yake, na bahasha mu mukono, Papa Lumbwe akimufuata mbali kidogo. Angeweza kumutuma Papa Lumbwe peke yake. Alisema kama ni kazi ya advoka wa mji kuleta mwenyewe habari ya kushindwa. Akawaeleza polepole: hukumu, rufaa, kuchelewa. Kama wakitoka wenyewe juma hii, polisi hawatakuja. Na kwamba amepata kiwanja kingine, nyuma ya stesheni ya gari ya moshi. Kiko mbali na maji, hakuwaficha.

Mama Perpetua, prezidante, mukubwa wa soko, mama muzima mwenye sauti ya dume, akasema: "Karatasi ilichelewa kwa nani?"

"Kwa biro yangu."

"Biro haina mikono! Taja mutu."

"Mutu ni mimi," Maître akasema.

Wakaanza kelele. Mumoja akasema Maître alinunuliwa na ule tajiri. Mwingine akasema muangalie kwanza suruali yake mpya. Ilikuwa ya zamani, niliijua. Wifi Godeliva alikuwa mbele kabisa, mikono kiunoni, anapiga kelele kuliko wote, na mimi nyuma yake.

Sikuamua. Nakuambia ukweli, sikuamua. Nilijikuta niko kati ya meza, nasema: "Ni mimi. Mimi Anastazia. Ilifika siku mama yake alikufa. Niliitia mu sakoshi. Nilikuja nayo ku kilio mara tatu. Yeye alikuwa pa mukeka."

Wifi aligeuka akaniangalia kama hanijui. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa matusi, kwa mate, kwa kitu cha kurushwa.

Mama Perpetua akasema polepole: "Alikuwa hajatoka bado pa mukeka?"

"Hapana. Kisha alikuwa Moba, kwa wajomba."

"Na ulitaka umupe?"

"Nilitaka. Nilishindwa."

"Ungemupa," Mama Perpetua akasema, "na mimi niko pale, ningekupiga na mwiko."

"Eeh, kweli!" wengine wakaitika. "Mutu iko analia mama yake!" "Karatasi mu kilio! Ni bulozi ile, ni uchawi!" Mumoja akasema bwana yake alipofiwa, hata deni ya chumvi hakumukumbusha, na wakacheka. Wakacheka! Mama mumoja akanifuta machozi na kitenge chake chenye harufu ya samaki. Nilisimama pale, siamini. Niliwapotezea soko, na walikuwa wananishika mukono.

Ningetamani hadisi iishie hapo.

Ni wifi aliyeuliza. Si mujinga, ameniona nikisafisha ile kashe nyumbani. "Lakini Yaya, dada yangu, ile kashe si inazunguka? Kwa nini hamukuizungusha?"

Nilifungua mudomo. Ningeweza kusema haikuwezekana. Ningeweza kusema Lumbwe alikuwa na kopi. Niliangalia Maître, na yeye hakuningojea.

"Walitaka kuizungusha," akasema. "Niliwakataza mimi."

Hapo kicheko kilikauka.

"Wewe," Mama Perpetua akasema. Sauti haikuwa tena ya dume. "Wewe, mutoto wa Monika. Aliyekaa pale, pa meza ya tatu, miaka yote. Tulikubeba mugongoni."

"Ndiyo, Mama."

"Mara moja tu. Kugeuza kadude kadogo."

"Ndiyo, Mama. Ingekuwa uongo."

Alimuangalia sana. Kisha akajifunga kitenge chake vizuri, akageuka, akamupa mugongo. Mwingine akageuka. Na mwingine. Hakuna aliyetukana tena, hakuna aliyerusha kitu. Waligeuka wote, mpaka Maître akawa anasimama mu matope mbele ya migongo, na bahasha ya kiwanja kipya mu mukono, hakuna wa kuipokea. Aliiweka pa meza, akatia jiwe juu isipeperuke, akasema, "Juma hii, Wamama," akaenda. Papa Lumbwe, muntu wa miguu, alikuwa amekwisha kuondoka zamani.

Mimi sikugeuka. Lakini sikumufuata. Niliyekosa ni mimi, nilikuwa nimeshikwa mikono na wamama. Asiyekosa alikuwa anapanda kilima peke yake, matope mpaka pa vifundo. Nilitaka kuita. Nilijua neno la kusema: huyu hakuwahi kusema uongo hata kwa Meya. Neno lilikuwa kweli, na sikulisema, sababu nilikuwa nimesamehewa, na nilipenda kusamehewa. Bado nashituka nikiandika hii.

Esperanse, uliniuliza advoka wa mji ni nani. Nimekuandikia yote nimeona, na sijui kama nimejibu. Wamama wako na haki, wamepoteza jua na muchanga. Yule tajiri iko na karatasi. Maître iko na sheria. Mimi tu njo sikuwa na kitu, na mimi tu njo nilipewa kitu: wakati wa kuondoka walinijazia kikapu.

Naongeza haya usiku. Jioni wifi alisonga bukari, akapika ile ndakala ya kikapu na tomati na pilipili, mboga nyingi kupita siku zote. Nikasema tutenge sahani moja kwa Maître, anakaa peke yake tangu mama yake alikufa. Wifi alifunika sufuria.

"Mupelekee majani ya sombe kama unataka. Hii, hapana."

Hatukuwa na sombe. Tulikula ndakala mpaka ikaisha, na niliyekula kupita wote ni mimi.